Picha ya Msuli na Nguvu ya Msuli: Ultrasaundi katika Upimaji wa Watu Wazima Wenye Afya

Kwa watu wengi ultrasaundi ni kipimo cha wajawazito, na pengine cha ini, figo na mfuko wa nyongo. Hata hivyo, mawimbi yale yale yanayomwonesha mtoto akiwa tumboni mwa mama huweza pia kuuonesha msuli wa paja, wa mkono au wa shavu la mguu. Katika miongo ya karibuni kipimo hiki kimeingia mikononi mwa wataalamu wa fiziotherapia, lishe, michezo na huduma za wagonjwa mahututi, na pamoja nacho limeingia dai linalohitaji kuchunguzwa: kwamba picha ya msuli inaweza kueleza mtu ana nguvu kiasi gani.

Dai hilo si dogo. Mzee anayeambiwa, kwa kuangaliwa picha tu, kwamba misuli yake imedhoofu anaweza kuacha kwenda shamba, kuogopa ngazi, au kutumia fedha zake kununua virutubisho asivyovihitaji. Kinyume chake, mtu mwenye paja nene anaweza kuambiwa kwamba hana tatizo, ilhali hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Ndiyo sababu makala haya yanaanza na mtu mwenye afya. Kabla ya kuisoma picha ya mgonjwa, ni lazima kwanza tujue picha hiyo inasema nini, na inanyamaza wapi, kwa mtu asiye na ugonjwa.

Jinsi mawimbi yanavyouchora msuli

Sauti ambayo sikio la binadamu linaweza kuisikia haizidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mashine ya ultrasaundi hutoa mitetemo mingi kuliko hiyo kwa mbali sana. Kwa misuli iliyo karibu na ngozi hutumika mara nyingi kichwa cha mashine kinachotoa mitetemo milioni 5 hadi 12 kwa sekunde, yaani megahezi 5 hadi 12. Kichwa hicho hutuma mawimbi mwilini, kisha husikiliza mwangwi wake. Katika tishu laini za mwili sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi unaotoka kina cha sentimita 3 hurudi baada ya kama sehemu 39 za milioni moja ya sekunde. Mashine hupima muda huo, huugeuza kuwa umbali, na kuweka nukta mahali panapostahili. Nukta hizo kwa maelfu ndizo zinazokuwa picha.

Katika picha ya mbele ya paja, juu kabisa huonekana ngozi, kisha tabaka la mafuta, kisha mstari mweupe wa utando unaoufunika msuli. Chini ya utando huo msuli wenyewe huonekana mweusi au wa kijivu, ukiwa na mistari myeupe myembamba ambayo ni tando zinazofunga mafungu ya nyuzi za msuli. Hufuata utando mwingine na msuli wa pili ulio chini yake, na mwisho mstari mweupe mkali ambao ni uso wa mfupa wa paja. Nyuma ya mstari huo ni giza, kwa kuwa mfupa huyarudisha karibu mawimbi yote.

Kipimo hiki hakitumii mionzi kama ya eksirei au skani ya CT. Kwa sababu hiyo mtu mwenye afya anaweza kupimwa leo, akapimwa tena baada ya wiki nne na tena baada ya miezi sita, bila kuongezewa mzigo wowote wa mionzi. Aidha, mashine hubebeka hadi kitandani kwa mgonjwa, jambo lisilowezekana kwa mashine ya kawaida ya MRI.

Ukubwa na nguvu

Msuli huvuta kwa sababu ndani ya kila uzi wake mna vipande vidogo sana vinavyoteleza na kuvutana. Nyuzi zinazokaa bega kwa bega huongezeana nguvu, kama watu wengi wanaovuta kamba kwa pamoja. Kwa hiyo, tukiukata msuli kimawazo kwa upana wake, eneo la mkato huo linapaswa kulingana na nguvu ambayo msuli unaweza kuitoa.

Wazo hili lilijaribiwa kwa ultrasaundi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Japani, Ikai na Fukunaga, walichapisha matokeo ya kupima misuli inayokunja kiwiko kwa watu 245 wenye afya, wanaume 119 na wanawake 126. Waligawa nguvu ya kila mtu kwa eneo la mkato wa misuli yake, na wakapata wastani wa takriban kilo 6.3 kwa kila sentimita moja ya mraba. Lililo la maana zaidi ni kwamba, baada ya kugawa hivyo, tofauti kati ya wanaume na wanawake, na kati ya waliozoea mazoezi na wasiozoea, karibu ilitoweka. Mwanamume wa kawaida alikuwa na nguvu zaidi hasa kwa sababu alikuwa na msuli mkubwa zaidi, si kwa sababu nyama yake ni ya aina nyingine.

Msomaji anaweza kushangazwa na hesabu hiyo. Tuseme mtu ana misuli ya kukunja kiwiko yenye eneo la mkato la sentimita za mraba 20. Kwa wastani huo msuli wake ungevuta kwa nguvu ya kilo 126. Mbona basi hawezi kunyanyua kwa kiganja gunia la kilo 100? Jibu liko kwenye kiwiko. Kano ya msuli hushika mfupa umbali wa sentimita chache tu kutoka kwenye kiungo, ilhali kiganja kiko mbali zaidi ya sentimita 30. Mkono ni wenzo unaopendelea mwendo badala ya uzito. Kama kano imeshika sentimita 4 kutoka kwenye kiungo na mzigo uko sentimita 32, kilo 126 za msuli hubaki kama kilo 16 tu kiganjani. Mtu mwingine mwenye msuli wa ukubwa ule ule, lakini mwenye kano iliyoshika mbali kidogo zaidi, atanyanyua zaidi, na picha ya msuli haitatuambia habari hiyo.

Katika utafiti huo huo kuna jambo la pili ambalo husahaulika linapotajwa lile la kwanza. Watu binafsi hawakukusanyika wote kwenye 6.3. Walitawanyika kuanzia kama kilo 4 hadi kilo 8 kwa sentimita ya mraba. Maana yake ni kwamba watu wawili wenye misuli yenye ukubwa sawasawa kwenye picha waliweza kutofautiana nguvu hata mmoja akawa mara mbili ya mwenzake. Wastani ulikuwa imara kwa kundi, wala haukuwa imara kwa mtu mmoja mmoja. Mpimaji anayeketi mbele ya mtu mmoja hana budi kuuweka ukweli huu mbele ya macho yake.

Yasiyoonekana kwenye picha

La kwanza ni neva. Msuli haujiamrishi wenyewe. Hungoja amri kutoka kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Mwaka 1979 Moritani na deVries walionesha kwamba mtu anayeanza mazoezi ya kunyanyua vyuma huongezeka nguvu katika wiki za mwanzo hasa kwa sababu mfumo wa neva umejifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi, na kwamba kukua kwa msuli huchukua nafasi kubwa baadaye. Anayepimwa kwa picha peke yake katika wiki ya tatu anaweza kuonekana hajaendelea, ingawa anabeba mzigo ambao mwezi uliopita hakuuweza. Upande wa pili wa jambo hili wataalamu wa fiziotherapia wanaujua vyema: goti likijaa maji, msuli wa mbele ya paja huzimwa na neva hata kabla haujasinyaa. Picha hubaki nzuri na mguu hukosa nguvu.

La pili ni mpangilio wa nyuzi. Misuli mingi ya mguu haina nyuzi zinazokwenda sambamba na mfupa; nyuzi zake zimelala kwa mshazari, kama vijiti vya unyoya. Mpangilio huo huwezesha nyuzi nyingi kuingia katika nafasi ndogo. Kwa misuli ya namna hiyo unene peke yake si kipimo kamili cha idadi ya nyuzi, na wapimaji makini hupima pia pembe ya nyuzi na urefu wa mafungu yake. Ultrasaundi inaweza kufanya hivyo, lakini inahitaji mkono uliozoea.

La tatu ni kilichomo ndani ya msuli. Umri unapoendelea, mafuta na nyuzi ngumu za kovu huingia kati ya nyuzi za msuli, na msuli huanza kurudisha mwangwi mwingi zaidi. Kwenye picha msuli wa namna hiyo huwa mweupe zaidi. Huko London, katika miaka ya mwanzo ya 1980, Heckmatt na wenzake waliutumia weupe huu kupanga kwa madaraja manne misuli ya watoto wenye magonjwa ya misuli. Baadaye watafiti wa Japani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, waliwapima wanawake wenye afya wa umri wa kati na wa uzee, wakaona kwamba unene wa msuli na weupe wake kila kimoja kilihusiana na nguvu kwa njia yake. Wenye misuli myeupe zaidi walikuwa na nguvu pungufu. Hapa ultrasaundi inaizidi tepu ya kupimia mzunguko wa paja, kwa kuwa tepu hujumlisha mafuta, msuli na mfupa pasipo kubagua. Lakini weupe una mtego wake, nao ni kwamba hubadilika mpimaji anapogusa kitufe cha kuongeza mwanga wa picha. Kulinganisha weupe wa picha mbili zilizopigwa kwa mipangilio tofauti ni sawa na kulinganisha rangi za vitambaa viwili, kimoja juani na kingine kivulini.

Kwa wazee tofauti ya ukubwa na nguvu huwa wazi zaidi. Huko Marekani wazee wa miaka 70 hadi 79 waliokuwa na afya njema ya kutembea na kujihudumia walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, na ripoti ya mwaka 2006 ilionesha kwamba nguvu ya miguu ilipungua kwa kasi ya takriban mara tatu ya kasi ya kupungua kwa nyama ya miguu hiyo. Hata waliofanikiwa kutunza nyama yao, au kuiongeza, hawakuepuka kupoteza nguvu.

Mambo haya yote yakiunganishwa, haishangazi kwamba katika tafiti za watu wazima wenye afya uwiano kati ya unene wa msuli na nguvu kwa kawaida huwa wa wastani. Wahudumu wa afya wanaosoma tafiti hizo wazingatie namna ya kuusoma uwiano. Uwiano wa 0.5 husikika kama nusu, lakini tofauti za nguvu zinazoelezwa nao ni robo tu, kwa kuwa 0.5 huzidishwa kwa 0.5. Hata uwiano wa 0.7, ambao ni mzuri sana kwa kipimo cha namna hii, huacha karibu nusu ya tofauti za nguvu bila maelezo.

Kupima mbele ya paja

Msuli unaopimwa zaidi ni ule wa mbele ya paja, kwa sababu ni mkubwa, uko karibu na ngozi, na ndio unaotuinua kutoka kitini. Utaratibu wake si mgumu, ila hausamehe uzembe.

Anayepimwa hulala chali, miguu imenyooka na imelegea. Alale dakika kumi hivi kabla ya kupimwa, kwa sababu maji ya mwili hujikusanya miguuni mtu anaposimama na hubadili unene wa msuli anapolala. Asiwe ametoka kufanya mazoezi mazito, kwani msuli huvimba kwa muda. Mpimaji atafute ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga na ukingo wa juu wa pia ya goti, apime kwa tepu umbali kati yake, kisha aweke alama katikati. Baadhi ya tafiti hutumia theluthi mbili ya umbali huo kuelekea gotini. Vyovyote atakavyochagua, aandike, pamoja na idadi ya sentimita kutoka kwenye pia ya goti, ili atakayepima baadaye arudi pale pale.

Sasa hufika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, huharibu vipimo vingi kuliko ubovu wa mashine: kukandamiza. Mpimaji aliyezoea kupima tumbo husukuma kichwa cha mashine ili aone ndani zaidi. Kwenye paja tabia hiyo huubana msuli na kuufanya mwembamba. Jeli iwe nyingi kiasi cha kubaki tabaka lake likionekana juu ya ngozi kwenye picha. Tabaka hilo likitoweka, mkono umezidi. Kichwa cha mashine kisimame wima, na dalili ya kuwa kimesimama wima ni mstari wa mfupa kung'aa kuliko ukiwa umeinama upande wowote. Zipigwe picha tatu, na wastani wake ndio uandikwe.

Udhibiti huu una sababu ya kihesabu. Kama unene wa misuli miwili ya mbele ya paja ni milimita 40, kosa la milimita 2 ni asilimia 5. Ukuaji wa msuli kwa mtu anayefanya mazoezi kwa miezi miwili au mitatu mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10. Mkono mmoja mzito unatosha kufuta faida ya miezi miwili ya jasho, au kuizua mahali isipokuwepo.

Mashine nyingi katika hospitali za wilaya zina kichwa kilichopinda, kilichokusudiwa kwa tumbo na wajawazito. Kichwa hicho huona mbali lakini si kwa undani kama kichwa bapa. Kwa unene wa paja kinaweza kufaa, na kwa eneo la mkato wa msuli mpana pengine kina faida ya kuuingiza wote kwenye picha moja. Lisilofaa ni kupima mara ya kwanza kwa kichwa kimoja na mara ya pili kwa kingine, kisha kutangaza mabadiliko.

Paja ni sehemu ya staha. Anayepimwa aelezwe mapema ni wapi patakapofunuliwa, apewe kanga au shuka ya kujifunika, na aulizwe kama angependa mpimaji au msindikizaji wa jinsia yake. Mtu aliyeona haya hukaza misuli, na msuli uliokazwa hubadili umbo, kwa hiyo staha hapa ni sehemu ya usahihi wa kipimo.

Kuipima nguvu yenyewe

Neno sakopenia, linalotumika kwa upungufu wa misuli uzeeni, lilipendekezwa na Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni lilihusu nyama kupungua. Mawazo yamebadilika tangu hapo. Mwongozo wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 umeitanguliza nguvu: kwanza hupimwa nguvu, na ukubwa wa msuli hufuata kuthibitisha. Mwongozo huo unahesabu kuwa pungufu nguvu ya kushika kwa kiganja iliyo chini ya kilo 27 kwa mwanamume na chini ya kilo 16 kwa mwanamke, au kutumia zaidi ya sekunde 15 kuinuka kitini mara tano bila kujishika. Mwongozo wa Asia wa mwaka 2019 umeweka kilo 28 na kilo 18. Tofauti hiyo ya Ulaya na Asia ni onyo kwetu, kwamba viwango vya watu wa mahali pamoja havihamishwi kwenda pengine kama vilivyo, iwe ni vya nguvu au vya unene wa msuli. Mkulima wa jembe la mkono na karani wa mjini hata ndani ya wilaya moja hawana paja la namna moja.

Kipimo cha kiti hakihitaji umeme. Kinahitaji kiti imara kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, na saa. Kituo kisicho na mashine ya ultrasaundi hakijakosa njia ya kupima nguvu.

Ultrasaundi basi hufaa zaidi wapi? Hufaa kwa mtu mmoja anayefuatiliwa akilinganishwa na yeye mwenyewe, na hufaa hasa pale mtu asipoweza kutoa nguvu hata akiombwa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliripoti kuhusu wagonjwa mahututi 63: eneo la mkato wa msuli mmoja wa mbele ya paja lilipungua kwa wastani wa karibu asilimia 18 kufikia siku ya kumi. Wagonjwa hao wasingeweza kuinuka kitini wala kukamua kipimo cha kiganja. Picha ilikuwa njia pekee rahisi ya kuona kilichokuwa kikipotea, na ilieleweka kwa sababu kila mgonjwa alilinganishwa na picha yake ya siku ya kwanza.

Kwa mtu mwenye afya, ripoti nzuri huandika kilichopimwa na huacha kuandika kisichopimwa. Maneno "misuli dhaifu" hayana nafasi katika ripoti ya picha peke yake. Yanayofaa ni "msuli mwembamba", au bora zaidi namba yenyewe. Kwa mfano, mwanamume wa miaka 66 anaweza kuandikiwa hivi: paja la kulia, katikati ya nyonga na goti, sentimita 21 kutoka pia ya goti, unene wa milimita 31, kichwa bapa, wastani wa picha tatu, nguvu ya kushika kilo 29, kuinuka kitini mara tano sekunde 12. Msuli wake ni mwembamba kuliko wa kijana, na nguvu yake imevuka viwango vya Ulaya na vya Asia. Aombe nakala ya karatasi hiyo, aitunze pamoja na kadi yake ya kliniki, na aje nayo atakapopimwa tena, ili mpimaji wa siku hiyo aweke alama yake kwenye sentimita ile ile ya 21.